Orka Wawinda-Sili Hawajafukuzwa na Mtu

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Mapezi manne ya orka, wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, yanakatiza mkondo kusini mwa kisiwa cha Vancouver, nchini Kanada, na abiria mmoja kwenye boti anasema kwa huruma: "Maskini, hawa wamefukuzwa na wenzao." Hapana, hawajafukuzwa!

Najua dhana hiyo ilikotoka. Miaka ya 1970, mtafiti Michael Bigg na wenzake walipoanza kuwatambua orka mmoja mmoja kwa picha, waliona makundi makubwa ya wala-samoni, yaani orka wanaokula samaki aina ya samoni, na pembeni vikundi vidogo vinavyopita tu. Hata wao mwanzoni walividhania vimetengwa. Baadaye ikabainika kuwa ni jamii nyingine kabisa, yenye mlo wake na milio yake, isiyozaliana na wala-samoni tangu zama za kale mno. Leo tunawaita orka wa Bigg. Sasa watafukuzwaje na kundi ambalo hawakuwa wa kwake?

Mapezi yale manne ni mama na wanawe. Hata majina yao yana ukoo ndani yake: T65A ni mtoto wa T65, na T65A5 ni mtoto wa tano wa T65A. Wako wachache kwa sababu ya chakula. Sili, mamalia wa baharini wanayemwinda, anasikia vizuri, kundi kubwa humshtua mapema, na nyama yake haitoshi vinywa kumi. Watafiti Robin Baird na Lawrence Dill walichunguza jambo hili, wakakuta kwamba katika kuwinda sili, orka hushiba vizuri zaidi wakiwa watatu. Ndiyo maana binti akianza kuzaa mara nyingi huondoka na ndama wake, huku mwana wa kiume, hasa wa kwanza, akibaki ubavuni mwa mama mpaka utu uzima. Na hawasahauliani: familia hukutana, zikaogelea pamoja, kisha zikaachana tena. Binti akianzisha mji wake, nani husema amefukuzwa kwao?

Eti wakikosa nyama watakula samaki. Mwaka 1970 orka wa aina hii walinaswa Pedder Bay, kisiwani humo humo. Watatu walioachwa ndani ya nyavu walikataa samaki kwa zaidi ya siku 70, mmoja akafa. Wawili waliosalia walikubali mwishowe, lakini walipopata uhuru walirudia mamalia.

Eti ni mabubu. Wananyamaza wakati wa kuwinda kwa kuwa windo linasikia. Wakishaua, kelele zinaanza.

Eti wanaua watu. Hakuna rekodi ya mtu aliyeuawa na orka aliye huru baharini.

Ninachowaomba abiria wangu ni hiki: msianze kwa kuhesabu mapezi, mtafuteni mama. Na kama ni huruma, yeye anaistahili. Sili wanabeba sumu za PCB, yaani kemikali za viwandani; orka mama akiwala anazihifadhi katika mafuta yake, na akizaa humpitishia ndama wake kwa maziwa. Anayepokea nyingi zaidi ni yule wa kwanza.