Buruji 12, makundinyota 13: dhana potofu kuhusu nyota ya kuzaliwa

Mtu akisema "nyota yangu ni Nge", anaweza kuwa anazungumzia kimoja kati ya vitu vitatu: kipande cha nyuzi 30 kwenye njia ya Jua, picha ya nge inayochorwa kwa kuunganisha nyota, au eneo la anga ambalo wanaastronomia wameliwekea mipaka. Vyote vinaitwa kwa jina moja, na ubishi mwingi kuhusu tarehe huanzia hapo. Kama buruji zinatawala tabia za watu ni suala jingine. Hapa tunapima mbingu tu.

Dhana: Jua hukaa mwezi mmoja katika kila kundinyota.

Ukweli: Kwa mwaka mzima Jua huonekana likipita mbele ya nyota kwa njia ileile, iitwayo ekliptiki, iliyoinama nyuzi 23.4 kutoka ikweta ya mbingu, yaani ikweta ya Dunia ikinyooshwa hadi angani. Katika karne ya 5 K.K. Wababeli waliigawa njia hiyo mafungu 12 sawasawa, yaani 360 ÷ 12 = nyuzi 30. Kila fungu ni buruji. Ni kipimo cha hesabu, na nyota zenyewe hazikujipanga kukifuata.

Mipaka ya makundinyota ni kazi ya juzi tu. Mbelgiji Eugène Delporte aliichora kwa niaba ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ikachapishwa mwaka 1930: maeneo 88 yanayofunika anga lote bila kuacha pengo. Mengine ni mapana, mengine Jua huyagusa ukingoni tu. Mashuke hulichukua Jua siku 45 hivi, kuanzia Septemba 16 hadi Oktoba 30. Nge hupewa wiki moja, Novemba 23 hadi 29.

Dhana: NASA waliongeza buruji ya 13.

Ukweli: Hakuna aliyeongeza kitu. Likishatoka Nge, Jua huingia eneo la Mbeba Nyoka, yaani Hawaa, na kukaa humo takriban siku 18, Novemba 30 hadi Desemba 17. Kundinyota hili limo katika orodha ya makundinyota 48 aliyoiandika Ptolemy, mwanaastronomia wa Aleksandria, katika karne ya 2 B.K. Mwaka 2016 NASA walieleza hesabu hii, vyombo vya habari vikaigeuza kuwa tangazo la buruji mpya. Buruji zimebaki 12 kwa sababu ni mgawanyo wa duara. Makundinyota yanayokatizwa na ekliptiki ni 13 kwa sababu mipaka iliyochapishwa 1930 ndivyo ilivyopita.

Dhana: Tarehe za magazetini zimepitwa na wakati kwa sababu nyota zimehama.

Ukweli: Hapa kuna nusu ya ukweli, ndiyo maana dhana hii ni ngumu kung'oka.

Kilichohama zaidi ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Dunia si tufe kamili: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Mwezi na Jua huuvuta uvimbe huo wa kilomita 21, na mhimili wa Dunia, badala ya kusimama wima kuufuata mvuto huo, huzungushwa polepole kama wa pia inayoyumba. Mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 25,800. Kwa hiyo sikusare ya Machi, yaani nukta ambapo Jua huvuka ikweta ya mbingu kwenda kaskazini, hurudi nyuma kwenye ekliptiki kwa sekunde 50.3 za nyuzi kila mwaka (sekunde 3,600 ni nyuzi 1). Hiyo ni nyuzi 1 kwa miaka 72 hivi, au buruji nzima kwa miaka 2,150.

Mwanaastronomia Mgiriki Hipparchus aliligundua jambo hili katika karne ya 2 K.K. kwa kulinganisha vipimo vyake na vya Timocharis, aliyemtangulia kwa zaidi ya karne moja. Nyota Spica iliyo katika Mashuke ilikuwa nyuzi 8 kutoka sikusare ya Septemba wakati wa Timocharis. Hipparchus aliikuta nyuzi 6.

Unajimu wa Magharibi unamfuata Ptolemy: nyuzi 0 ya Hamali (Kondoo) ni sikusare ya Machi, popote nyota zilipo. Kwa kanuni hiyo tarehe za magazetini haziwezi kupitwa na wakati, kwa kuwa zimefungwa kwenye majira. Unajimu wa India hufungia buruji kwenye nyota, na tofauti ya mifumo hiyo miwili sasa ni takriban nyuzi 24. Hamali yao huanza kama Aprili 14. Anayesema mfumo mmoja umekosea hesabu hajatazama kila mmoja unaanzia wapi.

Kwetu pwani mfano ulio karibu ni Kilimia, kile kishada cha nyota. Wakulima na mabaharia wamesema tangu zamani: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia kimo katika kundinyota la Ng'ombe, lakini kwenye ekliptiki sasa kiko nyuzi 60 na kidogo kutoka sikusare ya Machi, yaani ndani ya buruji ya Mapacha. Jua hukifikia kama Mei 21, na ndiyo sababu wiki kadhaa kabla na baada ya hapo hakionekani kabisa. Miaka 2,000 iliyopita kilikuwa karibu na nyuzi 32, na Jua lingekifikia kama Aprili 22 kwa kalenda yetu ya leo. Kuzama kwake kunachelewa katika majira kwa siku moja kila miaka 70 hivi: hakuna mkulima atakayeliona hilo maishani mwake.

Dhana: Buruji hubadilika tarehe 21, na aliyezaliwa mpakani ana nyota mbili.

Ukweli: Kitovu cha Jua huvuka mpaka kwa nukta moja ya wakati, na nukta hiyo hutangatanga. Mwaka wa majira una siku 365.2422, hivyo kila mwaka sikusare huchelewa kama saa 5 na dakika 49, kisha mwaka mrefu wa siku 366 huirudisha nyuma. Kwa saa za Afrika Mashariki, mwaka 2023 ilitokea usiku wa kuamkia Machi 21, saa 6:24. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 20, saa 12:06 asubuhi, na 2025 Machi 20, saa 6:01 mchana. Mtoto aliyezaliwa Mombasa alasiri ya Machi 20, 2024 ni Hamali, ingawa gazeti linamwita Samaki.

Wengi hujaribu kukokotoa kwa kuzidisha siku tangu sikusare kwa 0.9856 (360 ÷ 365.2422). Jaribu Septemba 20, 2024, saa 6 mchana. Ni siku 184 na robo. Jibu ni nyuzi 181.6, yaani Mizani. Si kweli. Dunia huwa mbali zaidi na Jua mwanzoni mwa Julai na hapo huenda polepole, kiasi kwamba Machi hadi Septemba ni siku 186, na Septemba hadi Machi ni 179. Wastani unadanganya kwa karibu nyuzi 4.

Gawa mwaka katika robo nne badala yake. Kutoka sikusare ya Machi hadi solstisi ya Juni (Jua linapofika mbali zaidi kaskazini) ni siku 92.8, hadi Septemba 93.6, hadi Desemba 89.8, kisha 89.0 kurudi Machi. Kila robo ni nyuzi 90. Solstisi ya 2024 ilikuwa Juni 20, saa 5:51 usiku. Hadi mchana wa Septemba 20 ni siku 91 na nusu. Zidisha kwa 90, gawanya kwa 93.6: nyuzi 88. Ongeza 90 za robo ya kwanza, upate 178. Bado ni Mashuke.

Dhana: Nyota za kundi moja ni majirani.

Ukweli: Zimepangana kwa macho yetu tu. Katika Ng'ombe, Aldebaran iko miaka ya nuru 65 kutoka kwetu, na Kilimia kama 440.

Dhana: Siku yako ya kuzaliwa nyota yako huwa juu angani usiku.

Ukweli: Ni kinyume. Jua likiwa ndani ya kundinyota, kundinyota hilo huchomoza na kutua pamoja nalo, katikati ya mwanga wa mchana. Anayetaka kuona Nge asubiri katikati ya Julai, kama saa 3 usiku, atazame kusini: kutoka Dar es Salaam nyota nyekundu Antares huwa nyuzi 20 tu chini ya utosi, na mkia uliojikunja huning'inia upande wa kushoto.