Je, wajua kwa nini jengo moja la London limekuwa kanisa, sinagogi na msikiti?

Kwenye kona ya Brick Lane na Fournier Street, mashariki mwa London, kuna msikiti wenye saa ya jua juu ukutani. Imeandikwa mwaka 1743 na maneno ya Kilatini, Umbra sumus, yaani "sisi ni kivuli". Waislamu waliikuta hapo, kama Wayahudi walivyoikuta kabla yao.

Wenyewe hasa ni Waprotestanti wa Ufaransa, ambao walikimbilia Uingereza baada ya mfalme Louis XIV kuwafutia uhuru wa kuabudu mwaka 1685. Wengi wa mtaa huu walikuwa wafumaji wa hariri. Walijenga kanisa kwa mapendeleo yao: ukumbi mpana, roshani za ndani, hakuna sanamu wala picha za watakatifu. Hiyo ni nusu ya jibu. Nyumba kama hiyo haimsumbui mrithi ambaye dini yake nayo haitaki sanamu.

Mwaka 1809 liliingia shirika la wamisionari waliotaka kuwabatiza Wayahudi. Hawakudumu, miaka kumi baadaye jengo likawa la Wamethodisti. Kisha, mwaka 1898, Wayahudi wakaja wenyewe na kuligeuza sinagogi! Sidhani kama wamisionari wale waliwahi kuota jambo hilo.

Wayahudi hawa walitoka dola ya Urusi, ambako mashambulizi na uporaji ulizidi baada ya Tsar Alexander II kuuawa mwaka 1881. Jumuiya yao iliitwa Machzike Hadath, yaani washikilia dini, na jina liliwakaa. Waliona usimamizi wa nyama chini ya rabi mkuu wa Uingereza umelegea, wakaweka wachinjaji wao. Upande wa rabi mkuu nao ukatangaza kwamba nyama yao hailiki kwa Myahudi. (Ugomvi wa nani achinje, msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa.) Rabi Abraham Isaac Kook, ambaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkwamisha Ulaya, aliiongoza jumuiya hiyo kuanzia 1916 hadi 1919. Mwaka 1921 akawa rabi mkuu wa Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huko Palestina.

Nusu ya pili ya jibu ni mtaa wenyewe: bandari si mbali, vyumba vilikuwa vya bei nafuu, na kazi za nguo hazikukosekana. Mgeni alianzia hapo, na akijikusanya alihama. Watoto wa washonaji wa Kiyahudi walihamia kaskazini mwa jiji, na mabomu ya Vita vya Pili yakawaongezea sababu ya kuondoka. Waumini walipopungua, mtaa ulikuwa unajaa Wabangladeshi, wengi wao kutoka Sylhet, nao wakiingia kwenye viwanda vilevile vya nguo. Msikiti ulifunguliwa mwaka 1976.

Machzike Hadath bado ipo. Inasali Golders Green, kaskazini mwa London.