Gemu likikwama, si RAM kila mara
Wengi hapa Mtwara huamini kwamba kompyuta ya zamani ikikwamakwama kwenye gemu jipya, dawa ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Husaidia, ila pale tu RAM inapojaa. Picha za gemu huchorwa na kadi ya picha, na mara nyingi hiyo ndiyo inayolemewa.

Kabla hujatoa pesa, fungua gemu, kisha kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame grafu za matumizi. RAM ikiwa nusu tupu huku kadi ya picha ikigonga asilimia 100, punguza kwanza ubora wa picha ndani ya gemu.

Na joto la pwani yetu, jamani! Vumbi likiziba feni, chipu hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Zima, chomoa umeme, pangusa kwa brashi laini.