Jani la koka si kokeini

Mgeni akifika Cusco, Peru, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mara nyingi hukaribishwa kwa chai ya majani ya koka. Wengi husita wakidhani wanapewa dawa za kulevya. Sivyo. Kokeini ni kemikali moja tu iliyomo katika jani hilo, kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Ilitengwa maabarani Ujerumani karibu mwaka 1860, ilhali watu wa milima ya Andes wametafuna koka kwa maelfu ya miaka, wakituliza njaa, uchovu na adha za mwinuko.

Kubwa zaidi ni ibada. Mquechua, mwenyeji wa milima hiyo, huchagua majani matatu mazima, yasiyo na tundu, huyapanga yakatanuka kama upepeo wa mkononi, kisha huyapulizia taratibu akimtaja Pachamama, Mama Dunia, na Apu, roho za milima. Fungu hilo la majani ndilo k'intu. Kuiita ibada hiyo ulevi ni kuwavunjia heshima wenyewe.

Ila usiyafungashe kurudi nayo nyumbani: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya unayadhibiti, na hata chai yake huweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo.