Kutengana na kuungana: maana yake kwa sokwe, twiga na punda milia

Ukipanda basi la Iringa au Mbeya toka Dar lazima ukatize hifadhi ya Mikumi, na watu wengi ndo hapo wanapoona twiga kwa mara ya kwanza maishani, dirishani, wawili watatu wamesimama pembeni alafu basi limeshapita. Ukirudi wiki ijayo unakuta saba. Safari nyingine yuko mmoja peke yake kabisa. Sasa kundi la twiga lina twiga wangapi? Jibu la hilo swali liko kwenye dhana moja ambayo naipenda sana, na ukishaielewa utaanza kuwatazama wanyama tofauti.

Kwa Kiswahili chetu tuiite jamii ya kutengana na kuungana. Yani wanyama ni wa jamii moja, wanajuana, kuna walio wenzao na kuna wasio wenzao, ila hawatembei wote pamoja. Wanagawanyika vikundi vidogo vidogo, vikundi vinakutana, vinabadilishana watu, vinaachana tena, saa nyingine mara kadhaa ndani ya siku moja.

Fikiria familia ya Kichaga. Mmoja yuko Dar, mwingine Mwanza, mwingine Arusha, na ikifika Desemba barabara yote ya Moshi imejaa watu wanaorudi nyumbani. Mtu akija kuhesabu mwezi wa tatu atamkuta bibi na wajukuu wawili, ataandika ukoo huu una watu watatu. Akija siku ya Krismasi atakuta uwanja umejaa magari na watu hamsini, ataandika hamsini wanaishi hapa. Mara zote mbili kakosea, maana kilichomfanya mtu awe wa ukoo ule ni kwamba anajulikana pale na anarudi pale, hata kama leo hayupo uani.

Aliyelipa jambo hili jina lake la kitaalamu, fission-fusion kwa Kiingereza, ni Hans Kummer, mtafiti wa Uswisi, kwenye kitabu chake cha mwaka 1971. Alikuwa amewafuatilia nyani wa Ethiopia wanaoitwa hamadryas, wale ambao madume yao yana manyoya kama joho la kijivu mabegani. Usiku wanalala kwenye majabali, mamia kwa pamoja, kwa sababu majabali salama ni machache, alafu asubuhi wanagawanyika mpaka unabaki na dume mmoja na majike wake wachache na watoto, kila familia inajitafutia kwenye nchi kame ambayo chakula kimetapakaa.

Kwa sokwe mtu wetu wa Kigoma ilichukua muda kueleweka. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960, na miaka ya mwanzo kitu pekee alichoona kinashikana kweli ni mama na watoto wake, wengine wote walionekana wanakuja na kuondoka wanavyojisikia. Mjapani Toshisada Nishida alianza kazi Mahale mwaka 1965, akawavutia sokwe kwa miwa, na kwa kuangalia nani anakuja na nani hathubutu kuja akagundua kwamba wale waliotawanyika ni jamii yenye wanachama wake, yenye eneo lake, na jirani akiingia anakiona cha moto. Miaka ya 1970 kule Gombe jamii moja iligawanyika ikawa mbili, na dume waliokuwa wakichambuana manyoya zamani wakaja kuuana. Watu waligombana kuhusu nini kimesababisha lakini huwezi hata kulielezea tukio lile kama hukubali kwanza kwamba kulikuwa na jamii ya kupasuka.

Sasa angalia kosa lilelile likijirudia kwa mnyama mwenye kwato. Kwa miongo mingi iliandikwa kwamba twiga hana urafiki wa kudumu, anasimama na yeyote aliye karibu, wakikutana sawa wakiachana sawa, na sababu ilikuwa ileile, walimhesabu mwezi wa tatu. Kilichobadilisha mambo ni uvumilivu. Umbo la madoa ya twiga halibadiliki tangu anazaliwa mpaka anakufa, ni kama alama za vidole, kwa hiyo ukimpiga picha leo na mwakani na mwaka unaofuata, programu ya kompyuta inalinganisha madoa na kukwambia ni yuleyule. Watafiti wa eneo la Tarangire kaskazini mwa Tanzania walifanya hivyo kwa mamia na mamia ya twiga, miaka mingi, na kikatoka kitu kizuri sana, majike wana jamii zao za kama 60 mpaka 90, na jamii mbili zinaweza kutumia pori lilelile, zinakula miti ileile, lakini zisichanganyikane kihivyo. Kwa macho ya abiria wa basi wote ni twiga tu. Kwa wenyewe, yule ni wa kwetu na yule si wa kwetu. Na wenzako wana faida, mwaka 2021 watafiti haohao walionyesha kwamba majike wanaokaa na wenzao wengi zaidi wanaishi zaidi kuliko wale wanaojitenga.

Kuna tofauti hapo na sokwe. Kwa sokwe mhimili wa jamii ni madume, wao wanabaki walipozaliwa na majike wakikua wengi wanahama, ila kwa twiga wanaoshikilia jamii ni majike. Mfumo ni mmoja, nguzo ni tofauti.

Kwa nini wagawanyike lakini, si wangekaa pamoja tu? Chakula. Mkuyu ulioiva unalisha sokwe kumi, ukija na hamsini mtagombana na wa mwisho analala njaa, kwa hiyo matunda yakiwa machache vikundi vinapungua na yakiwa mengi wanajaa na kelele zinasikika bonde zima. Upande mwingine kuna simba na fisi, hao wanakusukuma ukae na wenzako. Mnyama anavutwa huku na huku kila siku na ukubwa wa kikundi unapanda na kushuka kufuatana na hilo.

Usichanganye hii na kundi lolote kubwa linalosambaa. Nyumbu wa Serengeti wako zaidi ya milioni moja na wanaachana na kukutana muda wote, lakini ukiondoa mama na ndama wake, kwa sehemu kubwa nyumbu anatembea na umati, aliye kulia kwake leo hana uzito wowote kesho. Punda milia wanaotembea nao humohumo ni habari nyingine kabisa, kila dume ana familia yake ya majike wachache inayodumu miaka, na familia hizo ndizo zinazoungana kuwa kundi kubwa, yani punda milia wa Serengeti kimuundo anafanana na yule nyani wa Ethiopia kuliko anavyofanana na nyumbu anayekula naye majani! Hii mimi ndo inanifurahisha kuliko zote. Alafu panda kaskazini mpaka Samburu na Laikipia kule Kenya, yule punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba hana familia ya namna hiyo, wanakutana na kuachana kwa ulegevu zaidi. Ni ndugu wa karibu na bado maisha mbalimbali. Ndo maana mwaka 2008 wataalamu walipendekeza tuache kuuliza kama spishi fulani iko kwenye mfumo huu au haiko, tuulize ni kwa kiwango gani, wanakaa mbali kiasi gani, ukubwa wa kikundi unabadilika kiasi gani, na waliomo wanabadilika kiasi gani.

Sasa tuje kwenye akili. Ukiishi hivi inabidi umkumbuke mtu ambaye humuoni. Mwenzako kaondoka wiki tatu, anarudi, lazima ujue ni nani, mlikuwaje, na pengine huko alikokuwa mambo yamebadilika. Kwa kumbukumbu yenyewe sokwe na bonobo, yule ndugu yake wa karibu wa Kongo, ni wakali, utafiti wa 2023 ulimuonyesha bonobo anaitwa Louise picha za dada yake ambaye hawakuonana miaka 26, na macho yake yakabaki pale kuliko kwenye picha ya mgeni. Ila usimdharau kondoo, mwaka 2001 Uingereza ilionyeshwa kwamba kondoo anaweza kukumbuka sura 50 za kondoo wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Kondoo huyohuyo tunayemtolea mfano wa ujinga.

Kingine ni kujizuia. Wewe leo uko na mkubwa wako, kesho uko na mdogo wako, huwezi kutumia tabia moja kila mahali, inabidi uzuie mkono wako kwanza upime. Federica Amici na wenzake mwaka 2008 walilijaribu hili kwa spishi saba za primati, yani jamii ya sokwe, nyani na kima, kwa mitihani kama chakula kilicho nyuma ya kioo ambapo ukikimbilia mbele unagonga kioo na inabidi upitishe mkono pembeni. Sokwe, bonobo na orangutangu, yule mkubwa mwekundu wa Asia, walifanya vizuri, na kima-buibui wa Amerika, ambaye kiukoo yuko mbali nao sana lakini anaishi kwa kutengana na kuungana, akawa pamoja nao, huku gorila ambaye ni ndugu yao wa damu lakini kundi lake linashikana akabaki nyuma. Maisha yalieleza zaidi kuliko ukoo.

Kwa wenye kwato kazi hii bado ni changa. Twiga wanne wa bustani ya wanyama ya Barcelona waliwekewa vyombo viwili vinavyoonyesha ndani, vyote vina karoti 20, ila kimoja kina vipande 100 vya zukini, mboga inayofanana na tango, na kingine vipande 4, na twiga anapenda karoti. Mtu anachukua kipande kimoja toka kila chombo, anafumba mkono, twiga achague. Walichagua mkono uliotoka kwenye zukini 4, yani walipima uwiano, hawakuhesabu karoti tu. Matokeo yakatoka 2023, na kabla ya hapo mtihani wa aina hiyo tulizoea kuusikia kwa sokwe na kima, wenye ubongo mkubwa ukilinganisha na mwili.

Na dhana hii ina kazi ya haraka nyumbani. Watafiti wa Tarangire waliangalia majike 540 wakakuta kwamba jamii za twiga zinazoishi karibu na makazi ya watu zina uhusiano uliolegea zaidi kuliko zilizo mbali. Ukipita pale utawaona, wanakula, wananenepa, hesabu ya vichwa inaweza ikawa nzuri tu. Kilichopungua ni kurudi kwa yuleyule, na hicho huwezi kukiona bila kujua madoa ya kila mmoja na kukaa hapo miaka.