Je, wajua? Si homoni inayomkuza kuku wa nyama

Kwenye soko la Virunga, Goma, au Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuku wa nyama aliyefikisha kilo mbili kwa wiki sita hutiliwa shaka: "Huyo amelishwa dawa." Dawa inayodhaniwa ni homoni, na mfuko wa premiksi, unga wa virutubisho unaochanganywa na chakula cha kuku, ndio unaoshukiwa. Lakini homoni ya ukuaji ni protini. Kuku akiila, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ingebidi adungwe sindano, tena na tena, kuku mmoja mmoja, katika banda lenye mia tano. Hakuna mfugaji anayeweza kumudu hilo.

Kasi imo kwenye mbegu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuga mbegu ya 1957, ya 1978 na ya 2005 kwa chakula kilekile. Siku ya 56, kuku wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili 1,808, wa tatu 4,202. Ni kazi ya kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Premiksi huleta vitamini na madini, na nyingine huwa na methionini, mojawapo ya amino asidi, yaani matofali yanayojenga protini. Hapo ndipo penye siri tamu. Mahindi na soya vina protini, ila methionini yao ni haba, na nyama hujengwa kwa amino asidi zote kwa viwango maalumu. Fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili, mwenye mbao za chukudu hamsini na magurudumu ishirini atatoa chukudu kumi tu. Kuku naye hawezi kuhifadhi amino asidi zilizobaki: huzivunja, naitrojeni hutoka na kinyesi, maranda ya sakafuni hulowa, amonia huwasha macho. Kama premiksi yako haina methionini, gramu 200 hadi 300 kwa kilo 100 za chakula huziba pengo hilo. Soma lebo kwanza.

Methionini hiyo usiimwage juu ya lundo la chakula. Ichanganye na kilo 2 za unga wa mahindi, kisha kilo 10, ndipo uingize kwenye lundo zima; la sivyo wengine watapata nyingi, wengine watakosa, na kundi litapishana ukubwa. Soya nayo ikaangwe: ikiwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini, na premiksi haiwezi kurekebisha hilo.

Mojawapo ya nyongeza zilizowahi kweli kuongeza uzito, kwa kiasi kidogo, ni viuavijasumu (antibiotiki) vya dozi ndogo. Namna vinavyofanya kazi bado inajadiliwa. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku kama vikuzaji tangu 1 Januari 2006, kwa hofu ya vijidudu sugu. Hapa mnunuzi ana haki ya kuuliza siku ngapi zimepita tangu dozi ya mwisho.

Na kuku anayekufa tumbo limejaa maji? Goma na Bukavu ziko juu ya mita 1,400, hewa nyepesi, usiku baridi. Mwili unaokua mbio hudai oksijeni nyingi kuliko mapafu yanavyoweza kutoa. Upande wa kulia wa moyo huelemewa, na maji huvujia tumboni. Punguza chakula kidogo katika wiki ya pili na ya tatu, na uzibe baridi bila kuziba hewa safi.