Usifute Kashe Kila Jioni: Bando Linaliwa Kwingine

Maneno 1,000 ya Kiswahili hayazidi sana kilobaiti 8, kwa kuwa kila herufi huchukua baiti moja tu. Lakini ukurasa wenye maneno hayohayo huweza kuvuta megabaiti 2 na zaidi. Ziada hiyo ni picha, skripti (msimbo unaoendesha ukurasa), matangazo, na video zinazoanza kucheza bila kuombwa. Kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde (biti 8 ni baiti moja), megabaiti 2 huchukua karibu dakika 3. Maandishi peke yake yangefika ndani ya sekunde moja hivi.

Kwa hiyo anza na picha. Baadhi ya vivinjari vina mpangilio wa kuzizima au kuzipunguza ubora. Opera Mini huenda mbali zaidi: ukurasa hupitia kwanza kwenye seva zake, yaani kompyuta za kampuni hiyo, ukabanwa, ndipo ukatumwa kwenye simu yako. Tahadhari moja: katika hali yake ya kubana kupita kiasi, seva hiyo ya katikati huufungua ukurasa uliofichwa kwa usimbaji, hivyo inaweza kuona yaliyomo. Mambo ya benki na nywila yafanyie kwenye kivinjari cha kawaida.

Sasa kosa ninalolikuta mara nyingi, na linafanywa kwa nia njema. Watu hufuta kashe kila jioni wakiamini simu itakuwa nyepesi. Kashe ni ghala: nembo, fonti na skripti za tovuti unazozitembelea hukaa humo ili zisipakuliwe tena. Ukilimwaga leo, kesho utalijaza upya kwa bando lako. Dirisha la faragha (incognito) nalo lina gharama hiyohiyo, maana ukilifunga hutupa kila lilichohifadhi. Futa kashe pale tu nafasi inapokwisha au tovuti inapogoma kufunguka vizuri.

Vilevile, ukurasa ukikwama usikimbilie kuupakia upya. Kufanya hivyo hukatiza vilivyokuwa njiani, navyo huanza safari mwanzo.

Kuna pia ulaji usiouona. Programu nyingine huchota data kimyakimya wakati wewe unasoma, na kwenye mtandao dhaifu zinagombania njia ileile nyembamba. Simu za Android zina Kiokoa Data, mpangilio unaozuia ulaji huo wa kimyakimya, tangu toleo la 7, la mwaka 2016. Kiwashe, kisha ruhusu zile chache unazozihitaji, kama ya ujumbe. Kwenye mipangilio ya mtandao utaona pia kila programu imekula kiasi gani. Mara nyingi kivinjari siyo cha kwanza kwenye orodha.